Kikulacho ki Mtungini Mwako

Unaweza kuyachemsha maji leo na kuyatia dawa kesho. Lakini je, umewahi kuufikiria ule utelezi ulioshika ndani ya chombo?

Na MWANDISHI WETU

MPENZI msomaji, kabla hujaendelea na makala haya, hebu inuka uende jikoni. Uchukue ule mtungi wa plastiki wa lita 20 mnaowekea maji ya kunywa, ufungue kifuniko, kisha uingize kidole mpaka pale shingo ya mtungi inapokutana na tumbo lake. Sugua kidogo. Je, umehisi nini?

Ikiwa mtungi wenyewe una miezi kadhaa tangu ulipoanza kutumiwa, yamkini umehisi utelezi fulani, mithili ya bamia iliyopikwa. Sasa nawa mikono kwa sabuni, umwage maji hayo uliyoyatia kidole, kisha urudi tuzungumze.

Utelezi huo una wenyewe. Umejengwa na bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao waliingia humo pamoja na maji, wakaupenda ukuta wa mtungi, wakashika na kukataa kutoka. Maji uliyokunywa jana na juzi yamekwisha pita. Wao wamebaki.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Wengi wetu hufikiri kuwa ugonjwa hukaa katika maji, na kwamba tukishayatibu maji kazi imekwisha. Kumbe maji ni kama matatu tu ya kubebea abiria. Nyumbani kwa bakteria hasa ni kwenye kuta: ukuta wa mtungi, wa tangi, wa mfereji, na hata ukuta wa utumbo wa mtoto wako.

MAJI MENGI, MTUNGI MMOJA

Chukua mfano wa Turbo, mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Webuye hadi Malaba. Katika mji kama huo, familia moja inaweza kutumia maji ya aina nne katika mwaka mmoja. Mvua inaponyesha, maji hutegwa kutoka kwenye paa la mabati. Kiangazi kikiingia, huchotwa kisimani au kwenye chemchemi. Penye bomba, hungojwa mferejini. Na siku bomba linapokauka, mchuuzi hupita na mkokoteni wake uliojaa mitungi ya manjano.

Vyanzo ni vingi, lakini maji yote hayo huishia mahali pamoja, nayo ni mitungi ile ile. Mama anaweza kuyabadilisha maji kila siku, lakini kama ukuta wa mtungi haubadiliki, basi kila maji mapya hukutana na wenyeji wale wale.

Kuna na mto. Mto Sosiani hushuka kutoka nyanda za juu za upande wa Kaptagat, ukapita katikati ya Eldoret na kupokea uchafu wa jiji, kisha ukateremka kuelekea upande wa Turbo na kuungana na Mto Kipkaren. Maji hayo huingia katika Mto Nzoia, na hatimaye hufika Ziwa Viktoria. Ukisimama kandokando ya mto kama huo na kukanyaga jiwe lililo majini, utateleza. Utelezi wa jiwe la mtoni na utelezi wa mtungi wako ni ndugu wa toka nitoke. Tofauti ni kwamba wa jiwe hupata mwanga wa jua, kwa hiyo mimea midogo ya rangi ya kijani huota humo pamoja na bakteria.

JINSI WANAVYOSHIKA

Huenda ukajiuliza, inawezekanaje kiumbe kisichokuwa na mikono kishike plastiki laini, tena ndani ya maji yanayotikisika?

Kwanza elewa udogo wake. Bakteria wengi wa majini wana urefu wa kiasi cha sehemu moja au mbili za milimita iliyogawanywa mara elfu moja. Ukiwapanga wale wakubwa kidogo kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, utahitaji kama 500 ili kutimiza milimita moja. Kwa kiumbe wa kadiri hiyo, mkwaruzo mdogo katika plastiki ni bonde la kujificha.

Hatua ya kwanza hufanyika hata kabla ya bakteria kufika. Mara tu unapotia maji katika mtungi mpya, vitu vidogo vidogo vilivyomo majini, kama vile mabaki ya majani yaliyooza, chembechembe za protini na mafuta, hujibandika ukutani. Kwa muda wa dakika chache tu ukuta huwa umevikwa koti jembamba la chakula. Ni kama fundi anayepaka rangi ya kwanza ili ile ya pili ishike vyema.

Katika hatua ya pili, bakteria huja. Wengine huletwa na mkondo wa maji, na wengine huogelea wenyewe kwa kuzungusha mkia mwembamba kama uzi. Wakifika karibu na ukuta hukutana na kizuizi. Kwa kawaida bakteria huwa na chaji hasi ya umeme, na nyuso nyingi nazo huwa na chaji hasi, kwa hiyo husukumana kama sumaku mbili zinazoelekezwa ncha za aina moja. Hata hivyo, ipo nguvu nyingine ndogo inayovuta vitu vilivyo karibu sana, na chumvichumvi iliyomo majini hupunguza ule msukumano. Bakteria basi huelea karibu na ukuta, akiwa hajashika wala hajaondoka. Ukiusuuza mtungi wakati huu, wengi hutoka kwa urahisi.

Hatua ya tatu ndiyo ya kujifunga. Bakteria wengi wana vinyweleo vyembamba mno mwilini. Vinyweleo hivyo hupenya lile pengo dogo, na ncha zake hunasa ukutani. Vingine hunasa kitu chochote, na vingine huchagua kama ufunguo unavyochagua kufuli. Aina nyingi za bakteria aitwaye E. coli, kwa mfano, zina vinyweleo ambavyo ncha yake hushika sukari fulani iliyo juu ya chembe hai za mwili wetu.

Katika hatua ya nne, aliyeshika huanza kutoa ute. Ute huo umetengenezwa kwa sukari, protini na vitu vingine vya mwili wa bakteria, nao humgandisha ukutani kama gundi. Sasa huyo si mpita njia tena. Amepata kiwanja na amejenga. Kisha huzaliana. Akiwa na joto na chakula cha kutosha, E. coli hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Wanafunzi, fanyeni hesabu: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, na baada ya saa saba wamepita milioni mbili. Katika maji baridi yasiyo na chakula kingi mwendo huwa wa polepole zaidi, lakini mtungi hauna haraka. Hukaa pale jikoni usiku na mchana ukiwangojea.

Hatua ya tano ni ya kushangaza zaidi. Ndani ya ute ule huachwa vichochoro ambamo maji hupita, yakileta chakula na kuondoa taka. Bakteria nao hupashana habari kwa kutoa kemikali majini. Kemikali hizo zikiwa chache, kila mmoja huendelea na shughuli zake. Zikizidi kiwango fulani, huwa ni ishara kwamba wamekuwa wengi, na wote hubadili mwenendo wao kwa pamoja.

Mwisho huja hatua ya kuhama. Vipande vya utando hukatika, hasa mtungi unapoinuliwa na kutikiswa, na baadhi ya bakteria hujifungua wenyewe ili wakatafute makao mapya. Makao hayo yaweza kuwa mtungi mwingine, au kikombe unachompa mtoto.

Tusitiane hofu bure. Wengi katika bakteria hao hawana madhara kwa mtu mwenye afya. Taabu ni kwamba hawaulizi kitambulisho. Kiini cha kuhara kikiingia mtungini kwa mkono usionawiwa au kwa maji machafu, hukuta nyumba imekwisha kujengwa, chakula kipo na kinga ipo, naye hupangishwa bila kodi.

DAWA HUGONGA MWAMBA

Jambo hili liligunduliwa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1680, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara aliyejitengenezea hadubini zake mwenyewe, alichokonoa utando kwenye meno yake na kuona vijidudu vikichezacheza. Alijaribu kuviua kwa siki. Aliona kwamba siki iliviua vile vya nje tu, na vile vilivyokuwa ndani ya utando vikasalimika.

Karibu miaka 300 ilipita kabla ya wataalamu kuuzingatia ipasavyo ukweli huo. Mwaka wa 1943 mwanasayansi Mmarekani, Claude ZoBell, alieleza jinsi bakteria wa majini wanavyonufaika kwa kukaa juu ya vitu vigumu. Mwaka wa 1978 Bill Costerton wa Canada na wenzake walieleza kwa upana jinsi bakteria wanavyoshika, na kwamba huo ndio mtindo wa maisha wa bakteria wengi duniani. Kwa miongo mingi maabara zilikuwa zimewachunguza wakiwa wanaelea ndani ya chupa, ilhali wengi wao huishi wameganda.

Kwa nini utando ni mgumu kuangamiza? Kwanza, klorini ni dawa inayojimaliza. Kila inapokutana na uchafu hupambana nao na kwisha nguvu. Ute wa mtungini ni uchafu mtupu, kwa hiyo dawa hutumika kwenye tabaka la juu kabla haijafika chini. Pili, bakteria walio chini kabisa hupata chakula kidogo na huishi kama waliolala, na dawa nyingi za kuua viini hufanya kazi vyema kwa kiumbe aliye katika harakati. Ndiyo maana bakteria walio katika utando huweza kustahimili dawa mara nyingi zaidi kuliko wenzao wanaoelea. Kwa baadhi ya dawa za hospitalini tofauti hiyo imefika hata mara 1,000.

Sasa fikiria jambo hili ambalo hutendeka katika nyumba nyingi. Mama anachemsha maji kwa makaa aliyoyanunua kwa pesa, anayaacha yapoe, halafu anayamimina katika mtungi ule ule aliyoyaleta nayo kutoka kisimani. Maji yalikuwa salama yakiwa sufuriani. Yakifika mtungini, yamerudi kwa wenyeji.

NYUSO ZILIZO HAI

Hadi hapa tumetaja plastiki na mawe. Lakini bakteria hushika viumbe hai pia, na hapa hakuna mfano bora kuliko kiini cha kipindupindu.

Kwa muda mrefu watu waliamini kuwa kiini hiki huishi katika mwili wa binadamu tu na kupita majini kwa safari fupi. Mwanasayansi Mmarekani Rita Colwell na wenzake walionyesha kuwa kina makao yake katika maji ya pwani na mito, na kwamba hupenda kujishikiza kwenye magamba ya wanyama wadogo sana wa majini, wa jamii moja na kamba na kaa. Mnyama mmoja wa aina hiyo aweza kubeba maelfu ya viini.

Ujuzi huo ulizaa dawa nyepesi ajabu. Kwa kuwa mnyama huyo ni mkubwa zaidi ya bakteria, huweza kuchujwa kwa kitambaa. Katika vijiji vya Bangladesh, akina mama walifundishwa kuchujia maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2003 yalionyesha kuwa kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Kitambaa hakikuweza kumzuia bakteria anayeelea peke yake, lakini kiliwazuia wale waliopanda kipando.

Karibu na kwetu, kipando kingine kipo Ziwa Viktoria. Gugumaji lilivamia upande wa Kenya wa ziwa hilo mnamo 1990 hivi. Mizizi yake huning'inia majini kama ndevu, na hilo ni eneo kubwa la kushikwa. Watafiti nchini Bangladesh walikwisha onyesha mwaka wa 1981 kwamba kiini cha kipindupindu hukusanyika juu ya gugumaji. Hapa Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2010 ulilinganisha ukubwa wa eneo lililofunikwa na gugu hilo na idadi ya wagonjwa wa kipindupindu katika mkoa wa Nyanza kati ya 1994 na 2008. Miaka ambayo gugu lilitanda zaidi, wagonjwa nao walielekea kuwa wengi zaidi. Kuandamana kwa mambo mawili si ushahidi kamili kwamba moja limeleta jingine, lakini ni dalili isiyofaa kupuuzwa. Na kumbuka msomaji, maji yapitayo Turbo hukomea katika ziwa hilo hilo.

Mwaka wa 2005 wanasayansi wa Marekani waligundua jambo linalounganisha habari hii yote. Kiini cha kipindupindu kina protini moja ambayo hukisaidia kushika gamba la mnyama wa majini. Protini hiyo hiyo hukisaidia kushika ukuta wa utumbo wa binadamu, kwa sababu sukari ya aina moja hupatikana katika gamba na katika utelezi wa utumbo wetu. Kwa maneno mengine, kiini hakikuhitaji kujifunza upya ili kutushambulia sisi. Ufunguo kilikwisha kuwa nao tangu majini.

Homa ya matumbo nayo ina kisa chake. Wako watu waliougua wakapona, au hawakuugua kamwe, na bado wanatoa viini vya ugonjwa huo kwa miaka mingi. Aliyejulikana zaidi duniani ni Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mwaka wa 1907. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kuwa kwa baadhi ya watu wa namna hii, viini huwa vimejenga utando juu ya vijiwe vilivyo katika kibofu cha nyongo. Jiwe ndani ya mwili, nalo limeshika utelezi kama jiwe la mtoni!

KIBUYU CHA MURSIK

Usije ukadhani kila kilichoshika ni adui. Wenyeji wa Uasin Gishu na jirani zao wanajua jambo hili kwa vitendo tangu enzi za mababu. Ukiulizia mursik, maziwa yale ya kugandisha ambayo mabingwa wa riadha hupokewa nayo wanaporejea Eldoret, utaonyeshwa kibuyu kabla ya kuonyeshwa maziwa.

Kibuyu husafishwa kwa burashi ndefu ya ufito, hukaushwa, kisha kijiti cha mti kama ule uitwao senetwet huchomwa na makaa yake kusagwa na kusuguliwa katika ukuta wa ndani. Maziwa yakitiwa, bakteria wazuri waliobaki katika vitundu vidogo vya kibuyu huwa miongoni mwa wanaoanzisha kazi ya kuyagandisha na kuyatia uchachu, na uchachu huo huwapa taabu viini vingi vya maradhi.

Tazama basi busara iliyomo. Mama anayetengeneza mursik hutumia muda mrefu kushughulikia ukuta wa chombo, kwa sababu anajua kuwa ukuta ndio unaoamua kitakachotokea ndani. Mtungi wa maji uko pale pale karibu na kibuyu, na haupati hata robo ya heshima hiyo.

MAFUNZO KUTOKA BUSIA, HOMA BAY NA KAKUMA

Ukiendelea na barabara za magharibi kutoka Turbo utafika Busia. Huko, katika miaka ya 2000, watafiti wakiwemo Michael Kremer na Edward Miguel walichunguza chemchemi karibu 200. Nyingine zilijengewa saruji na bomba la kutolea maji ili uchafu usiingie. Matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 2011 yanafaa kubandikwa kila jikoni. Pale chemchemini, uchafu wa kinyesi katika maji ulipungua kwa asilimia 66. Lakini maji yale yale yalipopimwa nyumbani, nafuu ilikuwa ndogo zaidi, kwa kuwa yalichafuka tena njiani na katika vyombo. Hata hivyo maradhi ya kuhara kwa watoto yalipungua kwa robo, na hiyo si faida ndogo. Kremer alikuja kuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019.

Homa Bay walikabili upande wa chombo. Wengi huko walipenda chungu kwa sababu hupoza maji, lakini chungu cha kawaida kina mdomo mpana, na kila anayechota hutumbukiza kikombe na vidole. Shirika la CARE na wataalamu wa afya kutoka Marekani wakashirikiana na wafinyanzi wa huko kutengeneza chungu chenye mdomo mwembamba, kifuniko na mfereji chini. Maji yakabaki baridi, na mikono ikabaki nje.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kipindupindu kilipozuka mwaka wa 2005, watu 418 waliugua na wanne wakafa. Wachunguzi walipolinganisha waliougua na wasiougua, waligundua kuwa kuweka maji ya kunywa nyumbani katika vyombo vilivyofungwa vizuri kulikuwa kinga. Hawakuhitaji mashine ya thamani kubwa. Kifuniko kilitosha kuleta tofauti.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Baada ya maelezo hayo yote, bila shaka unataka kujua la kufanya. Zingatia haya:

1. Tenga vyombo. Mtungi wa kuchotea usiwe mtungi wa kuwekea maji ya kunywa. Maji yakishachemshwa au kutiwa dawa, yaende katika chombo chake, ambacho hakiendi kisimani wala hakitiwi kitu kingine.

2. Osha mtungi mara moja kwa wiki, hata kama unaonekana safi. Tia maji kidogo, sabuni na konzi ya mchanga uliooshwa, ufunge kifuniko, utikise kwa nguvu huku ukiugeuzageuza. Sabuni pekee haitoshi, kwa kuwa utando hutolewa kwa msuguo. Kama mdomo unaruhusu, tumia burashi. Suuza mpaka mchanga wote utoke.

3. Dawa huja baada ya kusugua. Mtungi ukishasuguliwa, tia maji yenye dawa ya klorini kali kidogo kuliko ya maji ya kunywa, utikise, uache nusu saa, kisha umwage na kusuuza. Maji hayo hayanywewi. Tena, usichanganye klorini na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia, kwa maana mchanganyiko huo waweza kutoa hewa yenye sumu.

4. Kausha. Utando hauwezi kujengeka pasipo maji. Ukiwa na mitungi miwili, mmoja ufanye kazi huku mwingine ukiwa umepinduliwa kwenye jua.

5. Usisahau kifuniko, shingo na mfereji wa chombo. Humo ndimo utelezi hushika mapema, na ndimo burashi haipiti.

6. Mimina, usichovye. Kikombe kilichotumbukizwa hupeleka mkono mzima mtungini.

7. Mtungi uliokwaruzika sana ndani, au uliobadilika rangi na harufu, upumzishe. Utumie kwa kumwagilia sukumawiki. Bei ya mtungi mpya si kitu ukiilinganisha na gharama ya kumlaza mtoto hospitalini.

8. Tangi la maji ya mvua nalo lioshwe kabla ya msimu wa mvua, na maji ya kwanza kutoka kwenye mabati yaachwe yapite na vumbi lake.

Na ikiwa mtoto anahara, usingoje. Mpe maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari unaotolewa katika vituo vya afya na maduka ya dawa, kidogo kidogo na mara kwa mara, umwendeleze kunyonya ikiwa ananyonya, na umpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Akilegea, macho yakididimia au akikosa mkojo, hiyo ni haraka ya kukimbia.

KWA WANAFUNZI

Mnaweza kulithibitisha jambo hili bila maabara. Tafuteni vitu vitatu vya ukubwa uliokaribiana: kipande cha plastiki laini, kipande cha plastiki hiyo hiyo kilichokwaruzwa kwa msasa, na kipande cha ubao. Vifungeni uzi na kuvitumbukiza katika ndoo ya maji ya mto au ya kisima, mkiiweka kivulini. Baada ya siku saba vitoeni. Vigezeni mwanga uviangaze kutoka upande mmoja, na mviguse kwa kijiti. Kipi kina utelezi mwingi? Kisha suuzeni kila kimoja kwa maji matupu, halafu kwa sabuni, halafu kwa sabuni na burashi. Andikeni ni hatua gani iliyouondoa utelezi. Mkimaliza, mwageni maji hayo mbali na kisima, na mnawe mikono kwa sabuni.

Yule atakayeandika matokeo yake vizuri atakuwa amejifunza somo ambalo watu wazima wengi hawalijui: kwamba maji hupita, na kwamba wanaotudhuru mara nyingi ni wale wanaobaki baada ya maji kwenda. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa habari ya maji ya kunywa, nguo yenyewe ni ya plastiki, ina rangi ya manjano, na Jumapili kama leo ni siku nzuri ya kuifua.